SSD ndogo ya bei chee: ninunue au niache?

Mama mwenye steshenari mtaani kwetu, hapa Morogoro, alinipigia simu Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo kwa kawaida hana nafasi hata ya kunywa chai. "Mwanangu, hii mashine imenishinda. Fundi kaja, kaitazama, kasema imezeeka. Nitafute laki nne na nusu ninunue nyingine. Wewe unasemaje?" Nilimwomba asitoe hata shilingi mpaka nifike.

Nilipomwamkia aliitikia "marahaba" bila kugeuka, macho yako kwenye skrini. Alikuwa ndiyo kwanza ameiwasha. Tukasubiri. Akafagia mbele ya duka, akarudi, akapanga bahasha. Kijana aliyeleta flashi yenye wasifu wake wa kuombea kazi alisimama kidogo, akatazama saa kwenye simu, akavuka barabara kwenda duka la pili. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: dakika nne na ushee mpaka skrini ikatulia, na nyingine karibu mbili mpaka Word ikafunguka. Mteja wa kwanza wa siku alikuwa keshakwenda.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo ya mezani, ukubwa wa kamusi nene, ya mtumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8. Hiyo si mashine ya kutupa. Kwa ujumla kizazi hicho ndicho cha kwanza katika prosesa za Intel ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11, na kwa kazi ya kuandika barua, kuchapisha na kuskani vyeti, nguvu yake inabaki. Kilichochoka ndani yake kilikuwa kitu kimoja tu, hadi diski ya GB 500, ile ya kuzunguka.

Basi hapa ndipo linapokuja swali ambalo wasomaji wengi mmeniuliza kwa namna mbalimbali. Kuna hizi SSD ndogo za GB 120, GB 240, GB 256, zinazouzwa kwa bei ambayo mtu akijibana mwezi mmoja anaipata. Je, ni kitu, au ni kutupa hela kwenye kopo? Jibu langu ni kwamba ni kitu, tena kwa kompyuta nyingi zilizoko mitaani kwetu hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Ila uichukulie kama jiko, usiichukulie kama ghala. Wengi wanaoilaani SSD ya bei chee waliigeuza ghala.

Anza kwa kupima ugonjwa. Kompyuta ikiwa inajivuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itakufungulia Task Manager, na ukienda kwenye safu zake utaona mbili zinazotuhusu: Disk na Memory. Kwa mama wa steshenari safu ya Disk ilikuwa nyekundu, asilimia 100, dakika baada ya dakika. Memory ilikuwa asilimia 55. Halafu tazama kitu kingine ambacho mafundi wengi hawakitazami: pamoja na asilimia 100 hiyo, diski ilikuwa inasoma MB 2 tu kwa sekunde. Yaani mfanyakazi ana shughuli nyingi mpaka jasho linamtoka, lakini mzigo anaoleta ni kiganja.

Aliyewahi kufuatilia jalada lake kwenye ofisi ya umma anaijua masjala. Karani mmoja, makabati kumi. Ukimwomba jalada moja nene, atakwenda mara moja, ataliteremsha, na kuanzia hapo kulisoma ni haraka. Ukimwomba karatasi elfu moja, kila moja kwenye kabati lake, siku nzima itaishia kwenye kutembea. Hadi diski ni karani huyo. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono wenye kichwa cha kusomea. Kila kipande cha data kinapotakiwa, mkono husogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka kipande kifike chini yake. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, kwa hiyo kusubiri peke yake hula wastani wa milisekunde tano na nusu, bado hujahesabu mwendo wa mkono. Jumlisha, utaona kwamba safari hizo hazifiki hata 100 kwa sekunde. Na Windows inapoamka inataka vipande vidogo kwa maelfu, vilivyotapakaa kila pembe.

SSD haina sahani, haina mkono, haina kutembea. Data zimekaa kwenye chipu, na kipande cha mwisho hufikiwa kwa wepesi uleule kama cha kwanza. Hata iliyo dhaifu kabisa sokoni huhudumia maelfu ya maombi kama hayo kwa sekunde. Kwa hiyo ile "MB 500 kwa sekunde" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi si sababu ya kununua. Hiyo ni kasi ya kusoma jalada moja nene, na hata hadi diski hujitahidi hapo, inafika MB 100 na zaidi kidogo. Faida unayoinunua ni kwamba karani ameacha kutembea, na faida hiyo iko kwenye SSD ya bei chee sawasawa na iliyo kwenye SSD ya bei mbaya. Ndiyo maana tofauti kati ya hadi diski na SSD mbovu ni kubwa mno, wakati tofauti kati ya SSD mbovu na SSD nzuri mtumiaji wa kawaida anaweza asiione mwaka mzima.

Nikumbushe kidogo tulikotoka. IBM ilipotoa hadi diski ya kwanza mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba kiasi cha MB 5. Picha moja ya simu yako leo yaweza kulijaza kabati lile lote. Chipu za aina inayotumika kwenye SSD zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba, miaka ya 1980. Mwaka 1991 kampuni ambayo leo tunaijua kama SanDisk ikaiuzia IBM SSD ya MB 20, kwa bei ya kama dola 1,000. Inapoitwa "ya bei chee" leo, ujue imetoka mbali.

Turudi dukani, tuseme ukubwa.

GB 120 iache. Wala siisemi kwa ubaya. Nimewahi kuifunga na ikafanya kazi. Lakini piga hesabu. Kiwanda huhesabu kwa maelfu kamili na Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo GB 120 ya kwenye boksi itaonekana kwenye kompyuta kama 111. Windows 11 Microsoft yenyewe inataka iwe na angalau GB 64 za nafasi; ukishaongeza Office, programu ya printa, ya skana, na masasisho yanayokuja kila mwezi, hujaweka hata picha moja, na tayari nusu ya nafasi imekwisha. SSD nayo haipendi kujazwa pomoni. Ikibakiwa na nafasi finyu huanza kuhamishahamisha vipande ili ipate pa kuandika, na kasi inashuka. Mtu anayenunua GB 120 atakaa miezi sita, kisha atatumia jioni zake kufuta mafaili ili sasisho lipate pa kuingia. Tofauti ya bei kati yake na GB 240 mara nyingi ni nauli ya kwenda Dar na kurudi. Bora ungoje mwezi mmoja.

GB 240 au 256 ndiyo sakafu. Itaonekana kama 223 au 238, na kwa mwanafunzi, mwalimu, karani, mtu wa steshenari, hiyo inatosha kwa mfumo, programu na kazi za mwaka huu. GB 480 ni raha zaidi, na kama mfuko unaruhusu usisite, kwa sababu nyingine nitakayoisema mbele. Bei siwezi kukutajia ya kudumu. Ya mama niliipata kwa Sh 75,000, lakini tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kote, viwanda vikikimbilia kuhudumia vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa pochi.

Sasa, kitu kikiwa rahisi kuna mahali kilipopunguzwa. Kwenye SSD kimepunguzwa mahali pawili, na ukipajua utajua kama panakuhusu.

Pa kwanza ni kwenye seli zenyewe. Fikiria kila seli ni kikombe kinachowekwa umeme badala ya maji. Zamani kikombe kilikuwa na hali mbili tu, kimejaa au ni kitupu. Kuandika ni haraka, kusoma hakuna shaka, na kikombe kinadumu. Kisha viwanda vikaona: kwa nini tusichore alama? Vikombe vya hali nne, kisha nane, na sasa 16, vinavyoitwa QLC. Kikombe kilekile kinabeba mara nne ya kile cha kwanza, bei inashuka. Lakini kumimina hadi kwenye alama ya tisa kati ya 16 bila kupitiliza kunataka mkono wa polepole, na kikombe kikianza kuchoka alama zinachanganyika mapema.

Pa pili ni kumbukumbu ya kazi. SSD nzuri huwa na chipu ndogo ya DRAM ya kuwekea ramani ya wapi kila kitu kimekaa. Kwenye za bei chee chipu hiyo haipo kabisa. Na ili usiuone ule upolepole wa vikombe vyenye alama nyingi, watengenezaji hutenga sehemu ya vikombe vitumike kwa hali mbili tu, kama beseni la kupokelea. Unaponakili kitu, kinamwagikia beseni kwa kasi kubwa, kisha SSD inakihamisha taratibu ukiwa unafanya mambo mengine. Kwa barua ya ukurasa mmoja hutajua kamwe. Lakini mpiga picha wa harusi anayemimina kadi mbili za GB 64 kwa mkupuo atajua. Dakika za kwanza atafurahi, beseni likijaa kasi itaporomoka, na kwenye QLC za SATA yaweza kushuka chini hata ya hadi diski aliyoikimbia. Kama hiyo ndiyo kazi yako, kuhariri video kila siku, SSD ndogo ya bei chee si yako. Tafuta ya TB 1, isiyo ya QLC, yenye DRAM, na uichukulie kama mtaji wa kazi.

Na kuna watu wanaogopa jambo lisilowahusu. "Nasikia SSD ikiandikwa sana inakufa." Ni kweli inachakaa, na kiwanda huandika kiwango chake. Kingston A400 ya GB 240, moja ya zinazojulikana sana katika daraja hili, imeandikiwa TB 80 za kuandikwa. Crucial BX500 ya GB 240 ni TB 80 vilevile. Gawanya. Ukiandika GB 20 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, utafika TB 80 baada ya siku 4,000, karibu miaka 11. Waranti yenyewe ni ya miaka mitatu. Mama wa steshenari haandiki hata robo ya hizo GB 20. Hutaiua kwa kuiandika.

Itauawa na vingine, na cha kwanza ni umeme. Umeme wetu tunaujua. SSD inapoandika, hubadilisha pia ile ramani yake. Umeme ukikatika katikati ya tendo hilo, ramani inaweza kubaki nusunusu. SSD za seva huwa na akiba ndogo ya umeme ndani ya kuziwezesha kumaliza sentensi ziliyoianza. Ya bei chee haina. Laptopu yenye betri hai haina tatizo hili, betri ndiyo akiba. Kompyuta ya mezani inataka UPS, hata ile ndogo ya kukupa dakika tano za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Ukiniambia una hela ya SSD ya GB 480 bila UPS, au ya GB 240 pamoja na UPS ya mtumba yenye betri mpya, chukua ya pili.

Tena SSD mara nyingi haiugui, inakufa ghafla. Hadi diski hukuaga. Inaanza kugonga tik-tik usiku, mafaili yanachelewa, unapata wiki nzima ya kuokoa vitu. SSD jana ilikuwa nzima, leo kompyuta inasema hakuna diski. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, usitegemee yule fundi aliyekuokolea picha kwenye hadi diski mwaka juzi. Windows tangu toleo la 7 huiambia SSD vipande vipi havitakiwi tena, na SSD huvisafisha yenyewe wakati haina kazi. Kikishasafishwa kimekwenda.

Cha pili kinachoua, au niseme kinachozaliwa kikiwa maiti, ni bidhaa bandia. Hapa nina kidonda. Miaka michache nyuma nilinunua Kariakoo SSD ya nje, ya kuchomeka kwa USB, imeandikwa TB 2, kwa Sh 60,000. Nilijiona mjanja. Nikamiminia humo picha za sendofu ya mpwa wangu, zikaingia zote, majina yote yanaonekana. Siku ya kuzifungua, mia ya kwanza na kitu zilifunguka. Zilizobaki zilikuwa kijivu kitupu. Nilikipasua kile kikasha kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ya memori ya simu imegundishwa kwa gundi kwenye kibao kidogo cha USB. Kidhibiti chake kilikuwa kimefundishwa uongo: kikiulizwa ukubwa, kinajibu TB 2, kikijaa, kinaendelea kupokea na kutupa. Dada yangu mpaka leo ananiuliza picha za keki ziko wapi.

Kwa hiyo nina desturi, na naomba iwe yako. SSD yoyote, ikitoka dukani, haipewi kitu cha thamani kabla haijafanyiwa mtihani. Kwa Windows kuna programu ya bure, H2testw. Kwa Linux na Mac kuna F3. Zote hufanya kazi moja, kuijaza diski nzima kwa data zinazojulikana, kisha kuzisoma moja baada ya moja kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inakula muda, kwa GB 240 panga saa nzima, lakini mwongo hapiti. Halafu fungua CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure, utazame saa ambazo SSD imewahi kuwashwa na kiasi kilichokwisha kuandikwa. "Mpya" yenye saa 9,000 si mpya. Dai risiti yenye tarehe, na mwambie muuzaji mapema kabisa kwamba utaipima. Uso wake utakupa habari nusu.

Hapo hapo niseme neno kuhusu mtumba, maana watu huniona mkaidi. SSD iliyochomolewa kwenye laptopu ya ofisi ya ughaibuni, Samsung au SK hynix, yenye saa zake elfu kadhaa na afya ya asilimia 90 na kitu, mimi naichukua kabla ya mpya ya jina ambalo sijawahi kulisikia. Hata majina yanayojulikana, kwenye daraja la chini, hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha boksi. Ulichosifiwa na rafiki aliyenunua mwaka jana chaweza kisiwe ulichoshika wewe. Ya mtumba angalau historia yake unaisoma.

Kuhusu kama itaingia kwenye mashine, nitakiri kosa langu. Nilinunua ya mama kwanza, mashine nikaifungua baadaye. Niliponyanyua kifuniko nikakuta soketi ya M.2 imekaa tupu, inanitazama. Hiyo hupokea SSD nyembamba kama kijiti cha peremende bapa, upana mm 22 na urefu mara nyingi mm 80, na kwa aina ya NVMe ni ya haraka zaidi kuliko ya SATA niliyoishika mkononi, wakati bei zake hazipishani sana. Kwa kazi ya steshenari hakuna atakayeiona tofauti, kwa hiyo sikurudi dukani. Lakini wewe fungua kwanza. Na ukikuta M.2, uliza inapokea SATA au NVMe, maana umbo linaweza kufanana na lugha isifanane. Laptopu za zamani zenye hadi diski ya inchi 2.5 hazina shida. SSD za SATA zina unene wa mm 7, na kama nafasi ni ya mm 9.5 unaweka fremu ya plastiki. Laptopu ndogo za bei rahisi zenye GB 32 au 64 zilizochomewa kwenye ubao wenyewe, nyingi hazina pa kuweka chochote. Hizo ziache zilivyo.

Kuna mashine nyingine ambazo SSD haitaziokoa. Kama kwenye ule mtihani wa Task Manager safu ya Memory iko asilimia 90 na zaidi, mgonjwa ni RAM. Kompyuta inakosa meza ya kufanyia kazi, kwa hiyo inashusha vitu kwenye diski na kuvipandisha tena. SSD itapunguza maumivu, lakini dawa ni RAM. Mwenye GB 4 na hela ya kitu kimoja tu ana uamuzi mgumu. Mimi kwa uzoefu wangu huanza na SSD kama diski yake ni ya kuzunguka, kisha RAM mwezi unaofuata. Mwenye GB 2 na prosesa ya Atom asinunue chochote. Kisha kuna zile Core i5 na i3 za kizazi cha 3 na cha 4, ambazo zimejaa shule na maofisini. Kwa Windows 11 hazikubaliki kirasmi, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hizo SSD bado inalipa, hasa ukiweka Linux Mint, na hata ukija kuibadili mashine, SSD utaichomoa uende nayo. Hii ndiyo ile sababu ya kupendelea GB 480 niliyokuahidi: mashine itakufa, yenyewe itahamia kwenye inayofuata.

Wenye laptopu zinazosafiri nina neno moja zaidi kwao. Hadi diski inayozunguka ndani ya begi, juu ya bodaboda, kwenye barabara yenye matuta, kichwa chake kiko umbali mdogo kuliko unywele kutoka kwenye sahani. Nimezika nyingi za wanafunzi kwa sababu hiyo. SSD haijali tuta.

Kazi ya kubadili yenyewe haikuchukua asubuhi nzima. Ningeweza kunakili diski ya zamani nzima kwenda mpya kwa Clonezilla, lakini mashine ya steshenari imelishwa flashi za mtaa mzima, na kila flashi na mdudu wake. Niliweka Windows upya. Leseni yake imefungwa kwenye ubao wa kompyuta, si kwenye diski, kwa hiyo ikajitambua yenyewe ilipopata intaneti. Malipo ya ufundi yalikuwa chai na maandazi manne. Tulipoiwasha baada ya hapo, mama alishika ufagio kwa mazoea, na kabla hajafika mlangoni skrini ilikuwa tayari. Sekunde 19 kwa saa ya simu yangu. Akaniuliza kama nimembadilishia mashine.

Kilichobaki kilikuwa ghala. SSD si mahali pa kuweka vitu na kuvifungia kabatini. Umeme ulioko kwenye vikombe huvuja polepole usipoiwasha, na joto huharakisha. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kwa SSD za watu wa kawaida ni kwamba ikishachakaa kufikia mwisho wake iweze kutunza data mwaka mmoja bila kuwashwa, tena kwenye nyuzi 30. Vyumba vyetu vya bati mwezi Januari vinapita hapo mapema mchana. Hadi diski, kwa uzembe wake wote, inaweza kukaa kabatini bila tatizo hilo, na kwa bei ya kila GB bado ndiyo rahisi. Nilinunua kasha la USB la inchi 2.5, nikaingiza humo ile diski ya zamani ya GB 500 baada ya kuipima na kuisafisha wadudu.

Iko kwenye droo ya kaunta, chini ya kitabu cha risiti. Kila Ijumaa jioni kabla ya kushusha mlango mama anaichomeka, ananakili kazi za wiki, anaichomoa, anaondoka nayo nyumbani.